Maziwa ya Ng'ombe wa Fidia

Maziwa yakichemka nyumbani kwangu, mimi hutoka nje. Wanangu wananicheka.

Lori la tajiri mmoja wa Kirolirwe lilimgonga baba akafa, dereva akiwa amelewa. Mama akamshitaki tribinali, mahakamani. Tajiri akatuletea ng'ombe mwenye ndama, akamfunga uani. Kwetu, wafiwa wakinywa maziwa ya ng'ombe wa namna hiyo, wamesamehe, na kesi imekufa. Mama hakumgusa. Ndama alinyonya mpaka povu likamjaa mdomoni, nami nilikaa namtazama, nalia njaa.

Asubuhi moja mama aliita wazee, akakamua, akachemsha, akanipa kikombe mbele yao.

"Kunywa, mutoto yangu. Maneno ya papa yako inaishia hapa."

Nikanywa. Yalikuwa matamu. Nikaomba mengine.