Stroberi za Mlimani

Mama Pacha hakuwa mtu wa kuchungulia vitu vya watu, ila kreti za mdogo wake zilimshinda. Gari la baridi, lenye jokofu la matunda, lililokuja kuchukua stroberi zake bondeni lilikuwa limeshapita mlimani kwa mdogo wake. Basi dereva alipoingia bandani kupima mzigo, yeye alizunguka nyuma ya gari, akapanda, akainua kifuniko cha kreti ya juu. Humo stroberi zilipangwa kama mayai, kubwa, kavu, nyekundu mpaka kwenye kikonyo. Alizifunika upesi akashuka kabla dereva hajatoka.

Kilichomkata maini zaidi ni kwamba mlima ule ungekuwa wake. Baba yao alipogawa shamba alimwambia mkubwa achague kwanza, na Mama Pacha akachukua bonde bila hata kufikiri: ardhi tambarare, maji karibu, barabara mlangoni. Mdogo wake akabaki na mgongo wa mlima, mahali pa upepo na baridi ya kung'ata, ambapo hata mahindi yalidumaa. Mama Pacha alimwonea huruma siku ile, akampa jembe lake la zamani. Baadaye wanunuzi wakaleta miche ya stroberi, na watu wakajionea wenyewe kuwa mmea ule unapenda ubaridi wa usiku kuliko kitu kingine chochote.

Msimu huo mambo yalizidi kipimo. Mvua ilishuka bondeni wakati stroberi zinaanza kuiva, ikang'ang'ania. Asubuhi ukungu ulilalia matuta mpaka jua lipande, na chini ya majani matunda yakaota manyoya ya kijivu. Mama Pacha na mumewe, fundi mwashi ambaye mvua ilimnyima kazi, walipita mstari kwa mstari wakitoa yaliyooza yasije yakaambukiza mazima. Ndoo za kutupa zilijaa kabla ya kreti. Dereva, aliyezunguka kanda zote za stroberi, alimwaga habari bila kuulizwa. Kando ya ziwa joto limekausha maua. Upande wa mashariki panya wanachuma kabla ya wenyewe. Na mlimani? Huko ni raha tupu: mvua inapiga na kupita, upepo unakausha majani, wachumaji hawatoshi.

Mama Pacha akasema vizuri, Mungu ni mwema, akaingia jikoni kusugua sufuria iliyokuwa safi tayari.

Haikupita muda mdogo wake akaanza kupiga simu. Mama Pacha aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Ilipoita tena, mumewe akaipokea, akasikia kuwa shemeji yake anahitaji mtu wa kuaminika wa kusimamia wachumaji, naye akaahidi kwa niaba ya mkewe. Jioni ile mume alipakuliwa chakula kilichopoa. Lakini Mama Pacha alikwenda. Ukweli ni kwamba alitaka kuona kwa macho yake, na moyoni aliomba akute walau kona moja iliyoharibika.

Hakuikuta. Matuta yalikuwa safi kama yamefagiliwa, na mdogo wake akipita katikati yake na mabuti mapya ya mpira, akiita kila mchumaji kwa jina lake la utani. Mchumaji mmoja mnene, mwenye kicheko cha karibu, alimuuliza Mama Pacha kama yeye ndiye dada mwenye shamba la bondeni, kisha akampa pole. Pole ile ilimchoma kuliko tusi.

Mchana ndugu wawili walikaa kizingitini mwa banda, sahani zikiwa mapajani.

"Dada, mbona hupokei simu zangu?" mdogo akauliza.

"Mtandao wa kule ni mbovu."

"Shemeji mbona anaupata?"

Mama Pacha akachezea chakula kwa kijiko. Alikuwa amejikaza tangu asubuhi, na sasa akachoka kujikaza.

"Nikatie kipande huku juu," akasema. "Hata matuta machache tu."

Mdogo wake akaweka sahani chini. "Sikupi."

"Mimi ni dada yako."

"Ndiyo maana nakwambia mwenyewe, sikutumii mtu. Ulipochagua bonde nililia mpaka macho yakavimba, na hukuja kuniuliza nitaishije huku. Uliniletea jembe bovu. Nimekuonea wivu miaka, dada. Nikipita barabarani nilikuwa nageuza uso nisione mahindi yako. Leo zamu imenifikia mimi, sitaki kuigawa."

Haikuwahi kumwingia Mama Pacha akilini kwamba kuna mtu aliwahi kukosa usingizi kwa ajili ya shamba lake. Alimaliza chakula, akasimamia wachumaji mpaka mzigo ukapakiwa, akashuka na gari la baridi akiwa ameketi mbele kando ya dereva.

Dereva, kama kawaida yake, hakufunga mdomo. Alilalamika kuwa kibarua chake kigumu ni kabla ya mvua, wakati baridi inabana maua ya mlimani na shamba zima limelala. Wanunuzi wa mjini humkalia kooni, naye huzunguka na kreti tupu. Mama Pacha akamwomba arudie hapo.

Mvua zilipokatika aling'oa miche yote iliyougua, akapanda mipya mapema, kabla watu hawajafikiria kushika jembe. Mumewe alipinda mabomba juu ya matuta akayafunika kwa nailoni nyeupe, na joto la bonde, ambalo likichanganyika na mvua lilikuwa likimwozeshea matunda, likaanza kumfanyia kazi. Kabla mawingu hayajarudi, stroberi zilikuwa zimeiva. Hazikufikia ukubwa wa zile za mlimani, na nyingine zilikuwa zimepinda kama masikio, lakini nchi nzima ile hapakuwa na nyingine. Dereva alisomba kreti akiimba.

Habari ilipanda mlima pamoja na gari. Mdogo wake akatokea bila kupiga simu, akasema alikuwa anapita tu, ingawa aliiacha barabara akaja moja kwa moja mpaka kwenye matuta. Aliinama, akainua jani, akatazama. Akainua jingine. Mama Pacha alisimama nyuma yake, akaijua ile namna ya shingo kukakamaa. Alipaswa kumwonea huruma. Badala yake alisikia raha ikimpanda taratibu, akaenda kubandika chai asije akacheka.

Mdogo alipomuuliza amefanyaje, dada alimweleza nusu. Nusu nyingine alimpigia simu kumweleza kesho yake, baada ya kulala usingizi mnono.

Siku hizi hawapitishi asubuhi bila kuulizana hali ya hewa. Mmoja akisema kwake kumekucha vizuri, mwenzake hunyamaza kidogo kabla ya kushukuru, na hakuna kati yao anayemuuliza mwenziwe kwa nini.