Maji Niliyomchorea Baba Yako

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa kidole hiki cha shahada. Kitazame vizuri. Nusura kimuue baba yako kabla hujazaliwa.

Jana uliniletea mpango wako wa kutembea siku sita katika jangwa la juu milimani, kaskazini mwa Chad, pamoja na wenzako wa jiolojia. Ukaniomba niukague kwa sababu, ulisema, "papa mukubwa alisoma." Nilicheka. Baba yako naye, mdogo wangu, aliniambia hivyohivyo, kwamba nimesoma.

Wakati ule yeye alikuwa mwanafunzi kama wewe. Mimi nilikuwa na diploma ya sekondari, nimeitundika ukutani hata jirani aliyekuja kuomba chumvi aione. Msafiri sikuwa. Mimi ni mtu wa kiti. Safari yangu ndefu ilikuwa kwenda uwanja wa Simi-Simi kutazama ndege za wengine zikiruka, na nilirudi nimechoka.

Hata hivyo nilitandaza ramani, nikampangia yeye na mwenzake safari ya jangwa hilohilo. Nikampa kwanga, mkate wetu wa muhogo, nikampa makayabu, yule samaki wa chumvi asiyeoza njiani. Nikaongeza koti la mvua, maana mtoto wa Kisangani hatoki bila koti la mvua. Maji ya kubeba tuliweka ya siku tatu tu, kwa sababu siku ya tatu ramani ilikuwa na mstari wa bluu. Nikaweka kidole. "Hapa mutajaza," nikasema. Mstari wenyewe ulikuwa wa vipande vipande, na chini kulikuwa na maelezo ya alama. Sikuyasoma. Sisi tuliozaliwa kando ya mto huu wa Kisangani, tukiona bluu tunasikia maji.

Kwenye kisima cha mwisho, mchungaji wa ngamia aliwaambia baba yako na mwenzake kwamba mbele ni pakavu. Mto ule hupita siku chache, na mwaka mwingine haupiti kabisa. Baba yako akamwonyesha ramani. Aliniamini mimi, akamwacha mtu aliyeishi pale maisha yake yote.

Siku ya tatu walikuta mchanga. Wakageuka kurudi, makayabu yakiwazidishia kiu, hewa ile nyepesi ikiwakausha koo. Mchungaji hakutulia. Alifuata nyayo zao na viriba viwili vya maji, akawakuta wamelala chini ya koti langu la mvua, wamelifanya kivuli.

Habari ilipofika nyumbani, babu yako aliniita. Yeye alikuwa mtu wa mtumbwi, wa Yanonge, hakusoma hata darasa moja.

"Ikala," akasema, akinionyesha kiti. "Ile mayi yako ya bluu, nani alikunywaka?"

"Hakuna, papa. Ilikuwa mu carte, mu ile ramani."

"Bon. Miaka yote niko mu mutumbwi, na bado naulizaka mutu alipita jana, muchanga ya chini ya mayi iko wapi. Mimi, mujinga. Weye uko na diplôme, donc haukuuliza mutu."

Hakupandisha sauti. Laiti angeipandisha.

Baba yako alirudi, lakini figo zake hazikurudi kama zilivyokwenda. Ndiyo maana analala na bidoni ya maji kando ya kitanda, ndiyo maana mnamsindikiza hospitali. Ninyi aliwaambia ni malaria ya zamani. Alikuwa ananifichia aibu, na mimi nikamwacha aifiche miaka yote hii.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakuona kidole cha mtu kikimwangusha mwenzake.

Basi mpango wako sikuukagua. Mpelekee baba yako, umwambie nimesema akueleze yote. Halafu tafuta mtu wa kule, aliyekunywa katika kila kisima unachokiandika, tena hivi karibuni. Akiikataa njia, nawe uikatae, hata kama profesa wako ana ramani mbili. Beba maji ya kwenda na ya kurudi. Makayabu niachie mimi.

Nenda, mwanangu. Mungu akuwekee mbele yako mtu wa kumuuliza, na nyuma yako mtu wa kufuata nyayo zako. Mto huu ndio uliokuosha ulipozaliwa. Nao ukuoshe tena vumbi la huko, ukiwa mzima.