Blandine Acayo, Aliyengoja Tunda Lianguke

Haya nimeyapata kwa Babra, binti wa marehemu, Agosti 2023, wiki mbili baada ya mazishi, aliponitembelea kwangu Makindye, Kampala. Mengine niliyaona mwenyewe, na afadhali nisingeyaona.

Marehemu alizaliwa mwaka 1958 katika kijiji cha Wang-Yaa, upande wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, akaitwa Acayo, jina la mtoto ambaye mama yake alidharauliwa. Mapadri wakambatiza Blandine. Mama huyo alimfundisha kazi ya mafuta ya yaa, haya ambayo madukani yanaitwa shea: kuokota matunda alfajiri, kuanika kokwa juani, kukaanga, kusaga, kukoroga na maji mpaka mkono uchoke, kisha kuchemsha. Na sharti la wanawake wa kwao lilikuwa moja: mti wa yaa haupigwi. Unangoja tunda lianguke lenyewe, kwa kuwa kokwa changa hutoa mafuta machungu yanayonuka upesi.

Mwaka 1979 aliolewa na Oloya, askari polisi, wakaishi kambi ya polisi ya Naguru, Kampala. Oloya akafariki mwaka 1996, na mjane akabaki akiuza mboga soko la Kalerwe, jirani na meza yangu ya nyanya. Wito ulimjia mwaka 2009, alipokwenda Wang-Yaa kuzika ndugu. Watu walikuwa wametoka kwenye kambi walizokimbilia wakati wa vita, na mabinti waliokulia kule hawakujua kutengeneza hata kijiko cha mafuta. Matunda yalioza chini ya miti, wao wamekaa barabarani. Blandine aliona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyewanyima. Akasema, "Mali yetu inaoza hapa, na sisi tunangojea lori la msaada." Mboga akaziacha. Alifundisha wanawake arobaini, akawatafutia mnunuzi Kalerwe: Zuhair, mwenye duka, wa familia ya Kiislamu ya wafanyabiashara wa zamani. Akamwapia kwamba hakuna mti utakaopigwa.

Jaribu kubwa lilikuja Juni 2018. Zuhair aliagiza madumu ishirini, mvua zikachelewa, matunda yakakawia kuanguka, na Blandine alikuwa Kampala kwa matibabu. Babra, aliyeachiwa kazi, akaogopa kumpoteza mnunuzi. Akawaambia wasichana wachukue fito wapige matawi, na kokwa wakazikausha motoni. Zuhair alipofungua dumu la kwanza mbele ya wateja, harufu ikatoka.

"Eh nyabo, mama yetu, haya ni ya kupaka ama ya kufukuza panya?" akauliza muuza kuku.

"Mpakeni bwana harusi, bibi atakimbia mwenyewe!" mwingine akadakia.

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, tena kwa sauti.

Zuhair hakucheka. "Mama, uliniapia."

Blandine akachovya kidole, akaonja. Babra, aliyeleta mafuta, alisimama pembeni. Mama yake hakumtazama. "Zuhair mwanangu, mimi ndiye mwalimu wao. Aibu hii ni yangu. Usimtafute mwingine." Akapiga magoti pale kwenye maganda ya ndizi, mjane wa miaka sitini, akaomba radhi.

Zuhair alikataa mafuta yote, na wanawake arobaini wakakosa soko msimu mzima. Blandine hakumhoji mtu. Mafuta yale aliyageuza sabuni, na kila Jumamosi alikaa mlangoni mwa duka na kichupa cha mafuta safi, anawanusisha wapita njia. Wakimwambia, "Si wewe wa yale ya panya?" anajibu, "Ndiyo, ni mimi. Nusa haya." Alifanya hivyo miezi kumi na moja. Msimu uliofuata Zuhair akaagiza dumu moja, kisha matano.

Babra alinyamaza miaka mitano. Julai 2023 Blandine alikuwa kitandani Wang-Yaa, binti anamkanda miguu. Mgonjwa akasema, "Mwaka huu usiwape fito."

"Mama, ulijua?"

"Nilionja. Ni nani mwingine kwetu ana haraka hivyo?"

"Mbona hukunisema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Babra akalia, neno likakataa kutoka. Lilipokuja, mama alikuwa amekwisha kuitwa na Bwana. Ilikuwa tarehe 29, saa sita mchana.

Akalitamka kaburini, mbele ya wanawake wote na Zuhair aliyesafiri kutoka Kampala: "Ni mimi niliyeagiza miti ipigwe. Mama alinibebea." Wengi wakainamisha vichwa, maana walishika fito. Zuhair akasema, "Dada, na mimi nina langu. Nilimwacha mama mzima apige magoti. Msimu ukifika, leteni mafuta."

Kavugho, Mkongo jirani yangu, husema mwanawe aliyeunguzwa na uji alipakwa mafuta ya Blandine kwa sala, akapona bila kovu. Kanisa halijatamka kitu, nami sitalitangulia. Ninachojua ni kwamba mabinti wa Wang-Yaa leo wana kazi mikononi na mnunuzi anayewaamini. Tumuige: kazi tuliyofundishwa tuifundishe, na mwenzetu akikosea tumwachie nafasi ya kusema mwenyewe.

Babra alipomaliza kunieleza, nami nilimweleza kile kicheko changu cha sokoni. Hakunilaumu. Akaniomba mto, akajinyoosha kwenye mkeka mchana ule ule, akalala.