Baraka Kanifungia Ndani na Mvua Hii

Nyie, leo usiku nimefungiwa ndani na mtoto wa miaka miwili!

Mwanangu Baraka kasukuma komeo la mlango kwa nje, akabaki barazani na sufuria ya maharage inachemka jikoni.

Mvua ya huku mtaani Makanyagio inapiga bati, naita hakuna anayesikia. Mtandao nao umekata.

Nikamulika tochi ya simu dirishani kumwelekea Mama Neema, jirani wa mbele. Nawasha, nazima.

Akatoa yake akanijibu! Anawasha, anazima, anacheka.

Jamani.

Nikageuza mwanga nikammulika Baraka, mkono unaenda kwenye sufuria. Hapo Mama Neema akaona, akakimbia peku kwenye matope.

Akamdaka, akanifungulia huku anahema: "Mama Baraka, mimi nilijua unanisalimia!"

Nimemkumbatia mwanangu mpaka akalalamika. Komeo nimeling'oa.

La kwenu mtoto analifikia?