Sinia Zilizorudi Nyeupe Njinjo

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo ya makombo. Ilikuwa kwenye resthausi ya serikali mjini Lindi, Uhuru ukiwa bado mbichi, nami kijana wa Rasbura niliyejua kusoma, kuandika na kukaanga samaki. Msimamizi wa jiko, mzee ambaye aproni yake ilipigwa pasi mpaka ikawa ngumu kama ubao, alinieleza kazi yenyewe. Sahani zikirudi kutoka mezani, nizikwangue ndani ya ndoo, nikamwage shimoni nyuma ya banda la kuni.

"Lakini usimwage kabla hujaangalia," aliniambia. "Sahani inayorudi ni barua ya mgeni. Samaki akirudi, tumemkosea samaki. Pasiporudi kitu, tumefaulu."

Nililishika somo hilo kama msahafu. Nilipanda polepole: nikamenya, nikakaanga, nikapewa michuzi, mwisho nikawa mpishi wa zamu, yaani yule anayebeba lawama ya mlo mzima tangu sokoni hadi mezani. Kila jioni nilizitazama sahani, na zikiwa tupu nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Sikujua kwamba nimejifunza upishi wa watu wenye shimo la makombo.

Baada ya Azimio la Arusha nilihamishiwa ofisi ndogo ya kupokea wageni. Wakati huo walikuja watu kutoka nchi za nje, walimu na wapishi hasa, wakitaka kuona ujamaa wetu na kujifunza mapishi yetu. Vijana mnaoifanya kazi hii leo kwa simu mnadhani mmeivumbua nyinyi! Tulikuwa na safari za mapishi kabla hamjazaliwa, na tulizifanya kwa fedha kidogo kuliko mnazotumia kwa matangazo.

Mkuu wa Ofisi alikuwa mtu mwembamba aliyekuja kazini kwa baiskeli ili Landrova ibaki ya wageni. Yeye ndiye aliyeweka taratibu. Kundi lisizidi watu wanane, kwa sababu wanane ndio wanaoenea Landrova moja. Hakuna hoteli, wageni watalala shuleni au majumbani. Hakuna vyakula vya kopo. Kila mahali wale kilicho msimu wake: Kivinje pweza, bara mbaazi na kisamvu, na msimu wa ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, waende na jembe wakachimbe wenyewe. Kwa njia hiyo mwalimu wa shule wa huko kwao aliweza kuja bila kuuza nyumba yake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mkuu alipenda kusema, kisha akainua kidole. "Lakini na ofisi isife."

Nyumba iliyopokea kundi ilipewa pishi mbili za mchele kwa siku. Pishi ni vibaba vinne, kipimo cha mama zetu kabla ya kilo. Kitoweo kilikuwa cha wenyeji, nasi tulikilipia. Kundi la kwanza nilipolipeleka, lilibakiza karibu nusu ya kila sinia. Niliona aibu, kama vile nimewapikia vibaya mimi mwenyewe, nikaliandika kwenye ripoti.

Mkuu aliisoma mara mbili. "Wanabakiza nusu?"

"Nusu, Bwana Mkuu. Wakati mwingine zaidi."

"Basi tunatupa nusu. Kundi lijalo, pishi moja. Nawe uwafundishe wageni wako adabu ya kumaliza chakula."

Nikaliona ni jambo la busara kabisa. Mimi ni mwanamume wa pwani, nimekula barazani maisha yangu yote, na sinia ikiondoka mbele yangu sikuwahi kuifuata inakokwenda.

Kundi la pili liliongozwa na mama mmoja wa makamo, mwalimu wa upishi, mwenye daftari lisilomtoka mkononi. Njiani kwenda Njinjo niliwaeleza, nao wakaandika: hapa kwetu sahani tupu ndiyo heshima kwa mwenyeji. Walikuwa wanafunzi wazuri mno. Kwa Mzee Mketo, tulikofikia, walifagia sinia mpaka maua yaliyochorwa chini yakaonekana. Mzee Mketo alikuwa mkulima mpole. Yeye, mimi na wageni wanane tulikula pamoja ukumbini, naye kila siku alikula kidogo kuliko jana yake. Nilidhani ni uzee.

Mkewe aliitwa Bi Somoe. Tulisikia kinu chake alfajiri, tukaona mkono wake ukipitisha sinia mlangoni, basi. Siku ya tatu, ile ambayo wahenga wanasema mgeni apewe jembe, mwalimu wa upishi alitaka kujua kiasi cha nazi kwenye kisamvu. Nikanyanyuka mara tu baada ya kula, nikapita uani hadi jikoni kwenda kuuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ingawa hapa pana moshi."

Alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, na kando yake mkwewe, mwanamke kijana aliyekuwa akinyonyesha. Mbele yao palikuwa na bakuli la ukoko, ule wali ulioungua chini ya chungu, wameuloweka kwa maji na chumvi. Sinia zetu zilikuwa kando, nyeupe. Mtoto wa kama miaka minne alikuwa akipitisha kidole kwenye ukingo wa mojawapo, kisha anakilamba.

"Mbona hamjala?" niliuliza kama mjinga.

"Ndiyo tunakula."

"Ukoko?"

Bi Somoe alimtazama mkwewe, kisha mimi. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Mwanangu, niambie kweli. Hao wageni wako, huko kwao kuna njaa?"

"Njaa? Hapana, mama. Wana kila kitu."

"Maana siku ya kwanza sinia ilirudi nyeupe, nikasema wamechoka na safari. Siku ya pili nyeupe. Nikamwambia mume wangu, hawa wamekimbia balaa huko, tusiwaulize, tuwalishe. Pishi yako haitoshi. Leo nimeongeza hii." Akaelekeza kidevu juu ya meko.

Juu ya meko, kwenye moshi unaofukuza wadudu, lilining'inia kanda la mpunga. Lilikuwa limefunguliwa, na limelegea nusu nzima. Mtoto wa mkulima yeyote anajua kanda lile ni la nini. Ilikuwa mbegu. Mvua za kwanza zilikuwa hazijaanguka, na Bi Somoe alikuwa ameanza kutwanga shamba lake la mwaka ujao ili wageni wangu waonyeshe adabu.

Hapo ndipo nilipoelewa safari ya sinia. Ikitoka ukumbini huenda jikoni, na kinachobaki ndicho mlo wa wanawake na watoto. Kundi la kwanza, lile lililonitia aibu, lilikuwa limewashibisha watu bila kujua. Mimi ndiye niliyewafundisha hawa wa pili kuwanyang'anya. Nilisimama pale nikatamani moshi uwe mzito zaidi usinionyeshe uso.

Niliwaambia wageni bila kuficha. Mwalimu wa upishi alifunga daftari, machozi yakimtoka. Jioni ile walibakiza zaidi ya nusu, na Bi Somoe akatuma kuuliza kama chumvi imezidi. Ilibidi niende mwenyewe jikoni kumwapia kwamba chakula kilikuwa kitamu.

Likabaki suala la mbegu iliyokwisha kutwangwa. Nilimpigia Mkuu simu kutoka ofisi ya tarafa. Alisema fungu la Njinjo limekwisha, na alisema kweli.

"Bwana Mkuu," nikamwambia, "akiba tuliyoipata imetoka matumboni mwa wanawake. Mimi siwezi kuwaacha watu hawa bila mbegu."

Nilimsikia akifunua karatasi. "Mbona ripoti yako haikusema sinia zinakwenda wapi?"

"Sikujua."

"Nami pia," akasema, kwa sauti ndogo. "Nami nina wake wawili."

Safari ilikuwa imalizike kwa karamu mjini Masoko, chakula pekee cha gharama katika ratiba yote. Wageni waliifuta wenyewe. Thamani ya karamu ikawa mbegu ya mpunga, tukaipeleka Njinjo, nao usiku wao wa mwisho wakala mihogo ya kuchoma na papa mkavu, wakasema hawajawahi kula vizuri zaidi. Mkuu akarudisha pishi mbili na kuandika kanuni mpya: chungu kigawanywe jikoni kwanza, mbele ya kiongozi wa safari, ndipo sinia itoke. Gharama zilipanda. Tukazibana kwingine, kwa siku nyingi zaidi za kutembea kwa miguu na chache za Landrova. Safari nafuu inawezekana, vijana wangu, lakini ukiona kitu kimepungua bei ghafla, nenda uani ukaangalie.

Kanuni ile niliisimamia mpaka nikastaafu. Niliifikisha Kivinje, niliifikisha vijiji vya milimani, nilisimama kwenye majiko ya watu nikihesabu bakuli kama mkaguzi.

Juzi vijana wawili walikuja hapa Rasbura kuniuliza mambo haya, nikawasimulia kwa majivuno. Walipoondoka, mke wangu alikuwa uani akipeta mchele. Nikakumbuka Ijumaa za miaka ile, nilivyozoea kutoka msikitini na wenzangu wanne watano wa ofisini, bila taarifa, tukaketi barazani na kuagiza chakula.

"Mama Hadija," nikamwita. "Zile Ijumaa nilizokuja na watu, nyinyi huku ndani mlikuwa mkila nini?"

Ungo ulisimama.

"Leo ndiyo unauliza?" Alicheka kidogo, akatoa chuya moja, akaitupia kuku. "Mara nyingi mlibakiza."

Akaendelea kupeta. Nilibaki nimesimama mlangoni, mpishi mzima wa zamu, nikakosa moyo wa kumuuliza habari za zile mara nyingine.