Maua ya Mpaka Mlangoni kwa Karani

Kivuti, mume wa dada yangu Mukami, alilionea haya vumbi la kwao. Alizaliwa humo humo, nje kidogo ya Siakago, akatambaa humo na kulila kama sisi wengine. Kisha akapata ukarani Meru mjini, akapanga chumba Kinoru, na kila jioni akawa anapita nje ya nyumba za wakubwa akichungulia nyasi zao. Alipohamishiwa Siakago, miaka michache baada ya uhuru, alirudi na magunia mawili: moja la nguo, jingine la nyasi. Nyasi! Alizileta huku kwetu, ambako hata mbuzi hutafuna magome ya miti.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukata miti miwili ya mikau iliyotia uani kivuli, eti inafanya boma lionekane la wachungaji. Babake alikuwa mchungaji, lakini hilo hakutaka kukumbushwa. Mvua za Oktoba zilipoanza, sisi wengine tukipanda mtama na kunde, yeye alipanda nyasi mbele ya nyumba, bogenvilia kando ya veranda, na ua wa misaiprasi kama wa kanisani. Alivaa kofia ya majani na viatu vya mvua, akashika jembe kwa ncha za vidole. Aliyechimba ni dada yangu.

Aliyemwagilia pia ni dada yangu. Januari ilipofika na jua likaanza kupasua ardhi, misaiprasi ikageuka rangi ya kutu na mchwa wakaila kutoka chini. Nyasi zilibaki hai kwa sababu Mukami alizibebea maji mgongoni, kamba ikimkata paji la uso. Kivuti alikaa verandani akimwelekeza.

"Mama Kawira, hapo kwa kona umeruka."

Maji hayo yalitoka bondeni. Kati ya nyumba yao na shamba la jirani yao Njuki palikuwa na bonde dogo lenye chemchemi isiyokauka, na humo Mukami alipanda nduma, yale magimbi yapendayo maji. Huku kwetu kwenye ukame, mwanamke mwenye nduma ni tajiri. Chumvi, mafuta ya taa, sare za mtoto wao Kawira, hata hizo soksi za karani, vyote vilitoka katika bonde lile. Mshahara wa Kivuti uliishia kwenye bogenvilia na kwenye meza za watu aliotaka wamwite bwana mkubwa.

Ng'ambo ya bonde ndiko ulikokuwa mpaka. Babake Kivuti na babake Njuki waliupanda mbele ya wazee, wakanywa pombe ya asali juu yake: mstari wa matoka, yale maua meupe yenye michirizi myekundu, ambayo kiazi chake hukaa chini miaka na miaka hata juu pakionekana pamekufa. Hakuna aliyeyagusa. Tulipokuwa watoto, ukichuma ua moja la mpaka ulichapwa na mtu mzima yeyote aliyekuona, kisha ukachapwa tena nyumbani.

Mvua za Machi zikanyesha, matoka yakachanua. Kivuti alisimama bondeni akayatazama, mikono kiunoni, akatikisa kichwa kana kwamba babake alikuwa amekosea kupanga. Siku iliyofuata aliyang'oa yote, akayapanga mstari mbele ya veranda, hatua chache kutoka mlangoni.

Nilikuwepo. Dada yangu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Baba Kawira, hiyo maua si ya kuangalia. Ni ya mpaka!"

"Mpaka kila mtu anaijua," Kivuti akasema, akipangusa udongo vidoleni. "Maua mazuri hivi kukaa huko kwa nduma, ni ushamba."

Njuki alikuja jioni hiyo. Tulitarajia ugomvi. Badala yake aliketi verandani, akanywa chai ya dada yangu vikombe viwili na kuyatazama maua kwa muda mrefu.

"Karani, hapa sasa kumependeza," alisema. "Usiyatoe tena."

Kivuti alitabasamu wiki nzima. Mjinga akisifiwa hukenua tu.

Kisha serikali ikaanza kupima mashamba, kila mtu apate hati yake. Kamati ya wazee ikachaguliwa kupita boma kwa boma kuonyesha mipaka, na Kivuti, kwa kuwa alijua kuandika, akawekwa humo. Basi tukakoma! Alitembea mbele ya wazee na fimbo. Walipofika kwa mjane Ciakuthii, ambaye sehemu ya matoka yake ilikuwa imesombwa na mafuriko, mama yule alilia, akaonyesha mawe na kisiki, akataja waliokuwepo wakati wa kupanda. Kivuti hakumtazama hata usoni.

"Mpaka ni pale matoka iko," alisema. "Sisi hatupimi hadithi."

Ciakuthii alipoteza shamba lake la kunde. Jioni hiyo Kivuti alimwagilia maua yake kwa mkono wake mwenyewe, mara ya kwanza na ya mwisho.

Zamu ya boma lake ilipofika, mwenyekiti alikuwa mzee Mbaka, mtu wa ng'ambo ya mto asiyeijua ardhi yetu. Alimwuliza Njuki mpaka wake uko wapi. Njuki alijibu kwa miguu. Alivuka bonde, akapita katikati ya nduma za dada yangu, akapanda hadi kwenye veranda na kusimama kando ya matoka.

"Hapana! Hiyo nilihamisha mimi!" Kivuti alipiga kelele. "Mzee, ilikuwa huko chini. Muulize Mama Kawira! Kila mtu anajua!"

Mzee Mbaka aliwatazama wenzake. Nyuma yao alisimama Ciakuthii, aliyekuwa amekuja kutazama kama sisi sote.

"Karani," mzee akasema taratibu, "si ni wewe ulisema hatupimi hadithi?"

Kigingi kilipigwa pale pale, kati ya ua na ua.

Nilimtazama dada yangu, maana Kivuti sikuwa na haja ya kumtazama. Hakulia. Aliingia ndani, akatoa ile kamba ya kubebea maji na kuitupa miguuni pa mumewe.

Sasa mbuzi wa Njuki wanalala kwenye zile nyasi. Kivuti anakaa verandani akiwatazama na hawezi kuwafukuza, maana wako kwao. Na siku ya soko, Mukami hupanga foleni kwa mke wa Njuki, kikapu mkononi, kununua nduma alizozipanda mwenyewe.