Simba Wote wa Barabara ya Dundori Wana Sura ya Mama Mkwe Wangu

Nimekosa. Sitazunguka, maana nimeshazunguka vya kutosha, na kila nilikozunguka nilimkuta mama mkwe wangu ameketi juu ya geti la mtu, ametoa meno.

Nimeomba jina langu lisichapishwe. Najua haitasaidia. Yeyote aliyewahi kupanda kutoka Lanet kwenda Dundori atanijua kabla hajafika katikati ya ungamo hili. Lakini acheni nijifiche, hata kama ni nyuma ya jani la kabichi.

Mimi ni mwanamume wa makamo niliyesoma falsafa chuo kikuu, jambo ambalo halijamsaidia mtu yeyote, mimi nikiwemo. Kwa miaka mingi niliuza bima mjini Nakuru. Nilikuwa nikiwatisha watu wazima kwa moto, ajali na kifo, kisha nawapa kalamu waweke sahihi. Jioni niliandika insha kuhusu maana ya maisha. Msomaji wangu alikuwa mmoja, mke wangu, naye alizisoma huku akichagua maharagwe.

Siku moja tawi letu likafungwa. Nikarudi Dundori, kwenye kipande cha shamba alichoniachia baba, nikasimama katikati ya jikoni na kutangaza kwamba kuanzia leo nitaishi kwa sanaa.

"Sanaa gani?" mke wangu akauliza.

"Bado sijajua."

"Haya. Ukiendelea kutojua, ng'ombe hajakamuliwa."

Sanaa ilikuja kwa njia ya jirani yetu Karanja, mkulima wa viazi. Karanja alikuwa amejenga nyumba kubwa, na kwetu mtu hajamaliza kujenga mpaka simba wawili wa simiti wakae juu ya nguzo za geti. Nyumba inaweza kukosa dari. Inaweza kukosa hata vioo vya madirisha. Lakini simba! Fundi aliyekuwa akiwatengeneza alikuwa amehamia Eldoret, na Karanja alikuwa akilalamika kanisani kote kwamba geti lake liko uchi.

Nikamwambia mimi naweza. Uongo! Sikuwa nimewahi kushika mwiko. Hata simba mwenyewe sikumjua. Mbuga iko hapo chini tu, na mara moja niliyoingia simba walikuwa wamelala. Nikaona mkia.

Nikakunja waya, nikachanganya mchanga na simiti kwenye karai, nikajenga mwili. Mwili ulifanana na ndama aliyeshiba, lakini ukavumilika. Kazi ikawa kwenye uso. Nikafumba macho, nikatafuta moyoni kitu cha kutisha kuliko vyote nilivyowahi kuviona, nikaacha mikono ifanye kazi yenyewe.

Jamani, raha niliyoipata siku hiyo! Nilisahau chakula. Nilisahau kwamba nina mgongo. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikuwa nafanya kitu bila kujiuliza maana yake.

Kisha nikarudi nyuma hatua chache nitazame. Mungu wangu! Alikuwa mama mkwe.

Hakuwa amefanana naye kidogo tu. Ni yeye! Nyusi zimekutana. Shavu moja limepanda. Mdomo umekunjwa upande wa kushoto, kama mtu aliyetajiwa mbuzi na sasa anangoja kuambiwa waliobaki wako wapi. Uso huo niliuona siku ya ruracio yangu mwenyewe, siku ya mahari, wakati mjomba wangu aliposimama kuwasilisha mbuzi waliokuwa wamekondeana hadi wanaonea haya kulia.

Sasa hapa ndipo penye aibu, na nisikilizeni vizuri. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Unamsalimia ukiangalia kizingiti, au kuku, au viatu vyako. Mkwe mwenye adabu humjua mama mkwe kwa sauti na kwa kitambaa cha kichwani. Kwa hivyo yule simba hakuwa tusi peke yake. Alikuwa ushahidi! Maisha yangu yote ya ndoa nimekuwa nikimwibia mama wa watu macho.

Nilichukua nyundo nimvunje. Naapa niliichukua. Lakini Karanja akaingia.

"Fundi! Wueh! Huyu simba anajua kitu!"

"Bado hajaisha, boss."

"Usimguse! Nikimwangalia nahisi kama kuna kitu nimekosea." Akajipapasa kichwani, akashangaa. "Na kofia nimeitoa saa ngapi?"

Nikaiweka nyundo chini. Hilo ndilo kosa lenyewe. La kwanza lilikuwa ajali. Yaliyofuata yalikuwa biashara.

Simba wa Karanja walivuma. Ilisemekana mwizi wa viazi alifika getini, akasalimia, akarudi kwao. Mwalimu mkuu mstaafu akataka wawili. Mama mwenye ng'ombe wa gredi akataka wawili. Wote walisema neno moja: "Sura iwe ile ile ya kwa Karanja."

Nilijaribu kutubu. Nilimpa simba mmoja sura ya mkubwa wangu wa zamani kule bima, mteja akasema huyu ataomba chai. Mwingine nikampa sura yangu mwenyewe. Kuku alitaga kichwani pake.

Nikairudia sura ya mama mkwe. Na nilifurahi! Hili pia naliungama. Nyumba ilipata dari, karo ya watoto haikuwa tena ya kuvizia, na jioni nililala kama mtu aliyelima. Watu waliniita msanii, nikaitika.

Mama mkwe, ambaye sisi sote humwita Shosho, yaani bibi, anaishi Gilgil. Magoti yake hayapendi milima, kwa hivyo sisi ndio huteremka kumwona. Nilikuwa nikimpelekea maziwa na sukuma, naketi kwa adabu nikiangalia bakuli la sukari, kisha narudi Dundori na pua bora zaidi. Mke wangu hakusema kitu. Nikadhani haoni.

Halafu binti yetu wa pili akapata mchumba. Tumwite Wambui, maana jina lake halisi ni la Shosho, kama ilivyo desturi yetu. Wazee wakapanga siku ya ruracio, nyumbani kwetu. Shosho akapiga simu.

"Magoti ama bila magoti, nakuja. Hilo ni jina langu linaolewa!"

Kutoka Lanet hadi kwangu karibu kila geti la maana lilikuwa na yeye, tena wawili wawili. Akikasirika njiani akageuza, basi hakuna ruracio. Nani atapokea mahari ya msichana ambaye mwenye jina lake amerudi nyumbani akiwa amekunja uso? Mtoto wangu angekosa ndoa kwa sababu ya simiti!

Nikapita geti hadi geti nikiwaambia wateja kwamba baridi imeingia, na simiti ya simba hushikwa na homa isipofunikwa gunia mpaka ipumue. Ukisoma falsafa unaweza kusema kitu kama hicho bila kupepesa jicho. Wote wakakubali. "Si wewe ndiye daktari wao," mwalimu mkuu akaniambia, akaenda mwenyewe kutafuta kamba.

Siku ikafika. Karanja alijitolea gari lake la kubebea viazi, tukateremka Gilgil kumchukua Shosho. Karanja hakuwa amewahi kumwona. Mlango ukafunguliwa, Shosho akatokea na kitambaa chake cheupe, na Karanja akavua kofia.

Akamtazama Shosho. Akanitazama mimi. Akamtazama Shosho tena.

"Wewe ni nani unanikodolea macho?" Shosho akauliza.

"Dereva tu, mathe."

Aliendesha gari kwa mikono miwili, mgongo wima, kama anafanya mtihani.

Tulikutana na watu wa bwana harusi Lanet, wakatufuata kwa magari yao. Na hapo ndipo akili yangu kubwa iliponimaliza. Mimi nilifikiria kuficha sura. Sikufikiria mgeni ataona nini. Mgeni aliona barabara nzima, geti baada ya geti, na juu ya kila geti vitu viwili vimefunikwa gunia na kufungwa kamba shingoni.

Tulipofika kwa Karanja, honi zikalia nyuma yetu. Msemaji wa wageni, mzee mwenye fimbo, alikuwa ameshuka, na uso wake ulikuwa na jasho.

"Sisi tumesimama hapa," akasema. "Hatuingii nyumba ya watu wanaofunga vitu shingo. Mtuambie kwanza. Hapo ndani kuna nini?"

"Ni simiti, mzee," nikasema. "Ina homa."

Nilipoyasikia maneno hayo nje ya kinywa changu, hata mimi niliona bora tu wageuze.

Shosho akashuka kwenye gari, goti moja kwanza, kisha la pili. "Watu wazima mnaogopa gunia?" Akamgeukia Karanja. "Dereva, fungua."

Karanja akaniangalia. Nikatikisa kichwa.

"Usimwangalie huyo. Fungua!"

Akafungua.

Nitasema nini? Kulikuwa na watu wengi pale barabarani. Walimtazama simba, wakamtazama Shosho. Simba, Shosho. Yule mzee mwenye fimbo akavua kofia. Mwanamke mmoja wa upande wa wageni akamtaja Mungu kwa kunong'ona, "Ngai!"

Shosho akaingia getini polepole. Nguzo za Karanja ni fupi, simba anamfika kifuani. Akamshika kidevu. Akampapasa chini ya sikio. Mimi nilikuwa nikitazama gurudumu la gari kwa bidii ambayo sijawahi kutumia kwenye kitabu.

"Baba Wambui."

"Ee, mama."

"Niangalie."

"Mama, si adabu..."

"Adabu? Wewe umeniangalia mpaka ukajua nina sunzua chini ya sikio! Mume wangu alienda mbinguni bila kuijua!"

Jamani, hakuna shimo lililokuwa karibu. Nililitafuta.

"Na hao wengine waliofunikwa?"

"Ni... ni wewe pia, mama."

"Wote?"

"Wote."

Akatazama barabara yote tuliyoipanda, kisha ile iliyobaki mbele, magunia mpaka kwenye kona. Nikangoja aseme arudishwe Gilgil. Badala yake akapangusa vumbi mkononi na kumwambia Karanja apige simu magunia yote yatolewe. Akapanda gari.

"Twendeni. Mbuzi wanangoja."

Kwa hivyo wageni walisindikizwa hadi kwangu na mama mkwe, kulia na kushoto, na walipoketi walimkuta ameketi mbele yao mwenyewe. Sijawahi kuona ruracio fupi namna ile. Wazee wetu walikuwa wamejiandaa kubishana hadi jioni. Walikubaliwa kila kitu kabla hawajakitaja. Wambui ameolewa, na mumewe huwa anapiga simu kuomba ruhusa hata ya kubadilisha viatu.

Nilidhani nimepona. Mpumbavu!

Baada ya chakula Shosho akatangaza kwamba harudi Gilgil. Alisema haiwezekani sura yake ifanye kazi Dundori na yeye akae kwingine. Asubuhi iliyofuata alihamishia kiti kwenye karakana yangu, karibu na fungu la mchanga, akaagiza chai.

"Hiyo pua imevimba. Mimi nilikuwa na pua hiyo lini?"

"Huo mdomo ni wa dada yangu. Vunja."

"Niangalie! Utanitengenezaje ukiangalia kuku?"

Na hapa ndipo adhabu yangu ilipo. Nikamwangalia. Kwa ruhusa, mchana, uso kwa uso. Na mikono ikafa! Yule mama niliyemwiba vizuri vile kwa jicho la pembeni, nikipewa wazi siwezi kumshika. Simba wangu wa sasa ni bibi mwema anayepigwa picha ya kitambulisho. Mwalimu mkuu aliagiza wengine wa geti la nyuma, akawarudisha. "Hawa," alisema kwa huzuni, "wananikaribisha." Wateja wanapungua, na mimi nasimama mbele ya karai kama nilivyokuwa nikisimama mbele ya insha.

Nilimlilia mke wangu. Nikamuuliza kama alijua.

"Tangu simba wa kwanza," akasema.

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nikienda sokoni napita kwa Karanja nikimsalimia mama. Gilgil ni mbali." Akaendelea kuchagua maharagwe. Kisha akasema, "Ile insha yako ya mwisho sikuimaliza. Simba nilimmaliza."

Sijawahi kusifiwa namna hiyo, na sijawahi kutahayari namna hiyo. Kama ningemuuliza yeye mapema, ningeomba ruhusa mapema. Na kama ningeomba, pengine nisingepata kitu.

Basi wewe unayesoma na unataka kuacha kazi uishi kwa sanaa, usidanganywe na raha ya siku ya kwanza. Jiulize hiyo sura umeitoa kwa nani. Mwenyewe akiwa hai, kamwambie kabla hujaiweka kwenye geti la pili. Magunia hayafichi kitu, yanakiongezea shingo. Na usije kwangu kuniuliza kama ningefanya tena, maana jibu si zuri.

Jana Shosho alikuwa akimgombeza jogoo. Nyusi zilikutana, shavu likapanda, mdomo ukakunjika kushoto, ule ule! Nikajikunja nyuma ya fungu la mchanga, jicho moja tu nje, na vidole vikaanza kuwaka moto juu ya simiti mbichi. Nilifika hadi nyusi.

"Baba Wambui," akasema bila kugeuka. "Nakuona."